Mwaka wa Laptop ya Mwalimu Saruni

Tulimzika Mama Sabina mwezi uliopita huko Oldeani, jirani na mashamba ya kahawa alikozaliwa, na siku ya kuanua tanga binti yake, Sabina, akanivuta pembeni. "Dada Paska," akaniambia, "wiki hii tunarudisha chumba cha ufundi cha mama kwa mwenye nyumba. Kabla hatujabeba vitu, ingia uchague unachotaka." Nikamjibu kwamba sitaki kitu. Nilidanganya, maana nilichokitaka ni chumba chenyewe, na chumba hakibebeki. Nikapanda gari mpaka Karatu, nikafungua mlango asubuhi nikaingia peke yangu. Nilidhani nitalia nikivuka tu kizingiti. Badala yake nikajikuta napanga bisibisi mezani kwa ukubwa, kuanzia kushoto, kama nilivyozoeshwa nikiwa na miaka ishirini na mbili, na nilipoiweka ya mwisho ndipo machozi yakaja, wala sikuyazuia. Sabina alinikuta hivyo. Akavuta kiti cha plastiki akakaa nami mpaka jua likaingia ndani.

Sasa nataka kuusimulia mwaka ule mmoja niliokaa hapo. Mambo ya kwetu, ya baba na mama na shule niliyofelia, nayaacha. Siku yake haijafika. Chumba kilikuwa kidogo, hatua sita kwa nne, nyuma ya duka la pembejeo na dawa za mifugo. Mbele palikuwa na kaunta ya fotokopi na picha za paspoti, katikati pazia la kitenge, na nyuma ya pazia ndiyo meza ya kazi, imechomwa madoa meusi na kikaango cha risasi, yaani ile pasi ndogo ya kulehemu. Harufu yake ninayo mpaka leo, risasi iliyoyeyuka ikichanganyika na chai ya tangawizi. Vumbi jekundu la Karatu lilikuwa linaingia kila mahali, tukipuliza laptop moja tunavaa nguo nyekundu wote. Dirisha letu lilitazama uani kwa mama ntilie, ambako madereva wa watalii walikuwa wanakula, na tulisikia kila kitu bila kupenda. "Juzi nimepiga fulu dei kule kreta, asubuhi mpaka jioni," mmoja angesema, "wageni wamekaa kumtazama faru saa mbili nzima, lanchi boksi zimebaki garini zimechemka." Mwenzake angemjibu kwamba afadhali yeye, wa kwake walitaka kujua jina la kila ndege. Mama Sabina alikuwa anacheka peke yake nyuma ya pazia, mkononi ameshika chombo cha kupimia umeme, huku kichwa hakiinuki.

Alikuwa Mnyiramba, watu wake walikuja kutoka Singida kuchuma kahawa wakabaki. Mtu mfupi, mnene kiasi, miwani imefungwa kwa uzi. Ufundi alijifunza kwa kuharibu redio za ndugu zake, kisha za majirani, kisha akaacha kuharibu. Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na mpangilio. Neno "imekufa" lilikuwa marufuku dukani kwake. Mteja akisema, "Mama, kompyuta yangu imekufa," alimuuliza, "Umeshaizika? Kama umeizika mimi sifukui. Hapa tunapokea zilizozimia." Halafu alikuwa na swali lake ambalo bila hilo hakushika bisibisi: mara ya mwisho ilikuwa inafanya nini? Siyo imeharibika nini. Ilikuwa inafanya nini. Mtu akianza kujikanyaga, Mama alimsogezea kiti na kikombe cha chai mpaka akumbuke. Na mimi aliniambia tangu wiki ya kwanza, "Paska, nyie Wambulu mna aibu, mnaweza kumwacha mtu amesimama mkitazama chini. Hapa kwangu mtu akiingia, funga unachofanya, inuka, msalimie. Mashine haisusi. Mtu anasusa." Nilikuwa nafunga. Nilifunga daftari, nilifunga simu niliyoifungua matumbo, nilifunga na mdomo wangu. Wanafunzi wangu wa leo chuoni wananiona mkali kwa salamu, hawajui nilikokopa.

Mwalimu Saruni alikuja Jumatatu, mwezi wa baridi. Alikuwa anafundisha darasa la kwanza huko Nainokanoka, kijana mrefu, shuka juu ya koti, viatu vimejaa tope la safari. Laptop aliibeba kwenye blanketi la mtoto. Ilikuwa ya msaada, imetumiwa na ofisi fulani ya ng'ambo kabla yake, na tatizo lake lilikuwa kwamba haijai chaji. Ukiichomoa ukutani inazima palepale. Huko kwake hakuna ukuta wa kuchomeka, kuna sola ya duka na foleni ya simu. Mama akampa chai, naye akaiwasha ili atuonyeshe anachokitengeneza humo. Kilikuwa kitabu. Watoto wa kule wanaanza shule wanajua Kimaasai tu, na mwalimu anatakiwa kuwafundisha kwa Kiswahili. Kwa hiyo yeye alikuwa ameandika kitabu cha lugha mbili, kurasa mia na ishirini, neno la Kimaasai na mwenzake wa Kiswahili: enkare na maji, kule na maziwa, enkiteng na ng'ombe, pamoja na michoro aliyoichora mwenyewe kwa kidole kwenye ile sehemu ya kusogezea mshale. Alitumia miaka minne. Maneno mengine aliyafuata kwa akina mama wa maboma ya mbali, kwa miguu, akiwauliza mtoto mdogo anasemaje akiumwa, anasemaje akiogopa. Mama akamuuliza kama ana nakala mahali. "Nilikuwa nayo kwenye flashi," akajibu, "ikaanguka zizini. Ng'ombe waliimaliza."

Jambo moja lazima nilieleze hapa, maana ndilo lililotutoa jasho. Diski ya laptop ile ilikuwa na neno la siri, na Mwalimu alilichapa kila akiiwasha. Diski za namna ile hukubali neno lake likipitia kwenye bodi ya mashine yake tu. Ukiitoa ukaifunga kwenye mashine nyingine, hata ukiwa na neno lenyewe, inakutazama kama mgeni. Kwa hiyo kitabu kilikuwa salama ili mradi bodi iko hai. Mwalimu hakutaka kututajia neno lake, alikuwa na haya nalo, akaamua kuiacha inawaka ukutani ili tufanye kazi. Mama naye alikuwa anakwenda Arusha kesho yake kununua betri na vipuri. Akaniambia mbele ya Mwalimu, "Kabla hujagusa kitu, toa nakala ya kitabu. Nakala kwanza." Nikaitikia, "Sawa, Mama." Nilimaanisha, jamani. Jumanne asubuhi nilikuwa bado namaanisha.

Lakini Jumanne ile nilikuwa peke yangu dukani kwa mara ya kwanza, na kichwa kilikuwa kimevimba. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba laptop za aina ile hukataa chaji kwa sababu ya bayosi ya zamani. Bayosi ni ile programu ndogo iliyoandikwa kwenye kichipu cha bodi, inayoamka kabla ya kila kitu na kuwaamsha wenzake, skrini, kibodi, diski. Ukiiandika upya, mashine inapata akili mpya. Ukiiandika nusu, hakuna tena wa kumwamsha mwenzake. Nikawaza, nitaisasisha kwa dakika tano, chaji itaingia, Mama atarudi na betri yake ya Arusha nimwambie tu, "Mama, nimeshamaliza." Nakala nitatoa baada ya hapo. Nikapakua faili, nikabonyeza. Mstari ukaanza kujaa, na chini yake maandishi: usizime kompyuta. Nani alikuwa na nia ya kuzima? Nikakunja mikono nikautazama mstari, thelathini, arobaini, hamsini na tano.

Pazia likafunguka. Akaingia mzee wa Kimaasai, fimbo mkononi, ametoka duka la pembejeo kununua dawa ya kupe. Sikuwa namjua, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye laptop ile mezani, nikaelewa ni nani. Alikuwa baba yake Mwalimu Saruni. "Takwenya," akanisalimia kwa Kimaasai. Na hapo mwili wangu ukafanya ulichofundishwa. Nilifunga laptop. Niliufunga mfuniko wake taratibu kabisa, kwa adabu, nikainuka, nikainamisha kichwa, naye akaweka kiganja utosini pangu, kiganja kikavu chenye harufu ya moshi, nikaitika, "Iko." Akaniuliza habari za nyumbani, za mvua, za mahindi, kisha akaniuliza, "Kasanduku ka mwanangu kanaendeleaje?" Nikamjibu, "Karibu kapone, baba." Alipotoka nikaufungua mfuniko. Mashine ilikuwa imelala katikati ya kazi, na haikuamka. Skrini nyeusi, feni inazunguka, na kwenye kibodi taa moja ndogo inapepesa mara mbili, inatulia, inapepesa mara mbili.

Niseme ukweli wangu wote. Sikulia na sikusali. Nilichukua kile kikaratasi tulichobandika juu ya kila mashine, kilichoandikwa jina la mwenyewe na tatizo, "Mw. Saruni, haijai chaji," na kwa kalamu ileile nikaongeza, "na haiwaki." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, hakuna ambaye angejua. Mama aliporudi jioni na mfuko wake akauliza, "Vipi ile?" nikamwambia, "Nimeikuta asubuhi imezimia, Mama." Akauliza, "Nakala?" Nikasema, "Sikuwahi." Akauliza swali lake. Mara ya mwisho ilikuwa inafanya nini? Nikamjibu, "Ilikuwa imekaa tu." Akanitazama juu ya miwani muda mrefu kidogo, halafu akatundika koti lake.

Jumatano yote alikuwa nayo. Akatoa betri, akashikilia kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Akapima chaja. Akatoa kumbukumbu zote mbili, vile vibao vya RAM, akazisugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha wanafunzi, akairudisha moja, akairudisha nyingine. Akaleta skrini ya kompyuta ya kaunta akaiunganisha kwa waya. Nyeusi. Akatoa diski akaiweka kwenye mashine yetu, ikakataa kama tulivyojua. Alhamisi asubuhi akaifungua yote, bodi uchi mezani, akaipaka dawa ya kulehemu, akaipasha moto, akaitazama kwa lenzi. Fotokopi ya mbele ilinililia na wateja wake, lakini masikio yangu yalikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia akiongea na ile taa. "Mara mbili," akisema. "Unaniambia nini, mwanangu? Mara mbili ni nini?" Mimi nilijua ni nini. Niliyasoma maelezo usiku wa Jumanne kwenye simu, mara mbili maana yake bayosi imeharibika. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na jibu mdomoni, nikimrudishia mtu cheti chake cha kuzaliwa na fotokopi mbili.

Mchana akaita tule. Ilikuwa makande, sahani moja wote wawili, na maziwa mgando pembeni. Uani madereva walikuwa kimya, siku hiyo magari mengi yalikuwa hifadhini. Mama akala vijiko vitatu, akaweka kijiko chini. "Keshokutwa Mwalimu anakuja," akasema. "Nitaongea naye mimi. Nitamwambia kitabu chake kimepotelea mikononi mwangu." Nikamwambia, "Mikononi mwako kivipi, Mama, na iliharibika yenyewe?" Akasema, "Iliingia mlangoni kwangu. Kikishaingia mlangoni kwangu ni changu mpaka kitoke. Miaka minne ya mtu, Paska. Alikuwa anatembea kwa miguu." Hakuwa ananitega. Nimefikiri sana kuhusu dakika hiyo, na ninaamini hakuwa ananitega. Alikuwa na huzuni tu, na alikuwa tayari kuibeba mbele ya Mwalimu peke yake. Kama angenigombeza ningejitetea, najijua.

"Mama," nikasema, "haikuzimia yenyewe. Ni mimi."

Nikamweleza yote bila kupumzika, faili, mstari, mzee, mfuniko, kikaratasi. Yeye hakupiga kelele wala hakushika kichwa. Aliuliza, "Ilikuwa imefika wapi ulipofunga?" Nikasema kwenye hamsini na kitu. "Faili uliyotumia unayo?" Ninayo. "Ya zamani, ile iliyokuwemo mwanzo, inapatikana?" Nikasema inapatikana, nimeshaitafuta. "Basi ugonjwa tunaujua," akasema, akainuka na sahani ikiwa nusu. Ninapowaambia wanafunzi wangu kwamba kazi huja kabla ya hasira, ninamwona yeye akifuta mikono kwenye khanga.

Njia ilikuwepo. Bodi za aina ile zina kona ndogo ya akili isiyofutika, inayoweza kusoma bayosi kutoka kwenye flashi, ukiipa faili jina sahihi, ukashikilia vitufe viwili huku unachomeka umeme. Kupakua faili kwa modemu kulituchukua saa nzima, nimeinyoosha kwa mkono dirishani kutafuta mtandao. Tukajaribu flashi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mama akafikiri, akasema, "Hizi ni kubwa mno kwake. Kona ile ni ya kizamani, inataka flashi ndogo." Ndogo tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, na ilikuwa yake, ina mazoezi ya kwaya yao ya Oldeani waliyorekodi kwa simu, na baadhi ya walioimba walikuwa wameshatangulia. Nikamwambia nihamishie kwanza kwenye kompyuta ya kaunta. Tukahamisha, nusu ya nyimbo zikagoma kusomeka. Akatazama orodha ya zilizogoma. "Futa," akasema. "Waliimba, Mungu alisikia." Nikafuta mimi, kwa mkono wangu, na hilo ndilo deni ambalo sijui hata leo nilipe vipi.

Tukashikilia vitufe, yeye kimoja, mimi kimoja. Nikachomeka umeme. Feni ikanguruma kuliko kawaida, taa ikaacha kupepesa, ukasikika mlio mmoja mfupi, halafu hakuna. "Usiguse," akasema. Mlango wa mbele ukagongwa, mtu anataka picha za paspoti. Mama akatoka akasimama kizingitini, mikono kiunoni. "Rudi baadaye, baba, ndani kuna mgonjwa mahututi." Dakika nane. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Kisha mashine ikajizima, ikajiwasha, na skrini ikatoa mwanga wa kijivu na mstari mmoja wa maandishi: weka neno la siri. Neno hatukuwa nalo. Lakini kulikuwa na aliyeuliza: bodi ilikuwa hai. Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sasa nikugombeze," akasema. Na alinigombeza hasa. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wewe ulikuwa unaficha maradhi ya mwenzio, hiyo ni mbaya zaidi. Siku mbili namtibu mtu tumbo, kumbe anaumwa jino." Nilitazama chini. Alipochoka akasema kwa sauti nyingine, "Na langu nalijua. Nilikwambia funga. Mtu wa kwenu ukimwambia afunge, anafunga. Kuanzia leo ni hivi: mtu akiingia, acha unachofanya. Acha, usifunge." Halafu akanipa kazi iliyonifanya nimwombe anigombeze tena badala yake. "Kesho utampelekea Mwalimu mwenyewe. Na utamwambia mwenyewe, kabla hajaiwasha, kabla hajajua kama kitabu kipo au hakipo."

Ijumaa alfajiri nikapanda gari la mahitaji ya maduka, laptop kifuani ndani ya blanketi lake, betri ya Arusha imeshafungwa na inajaa chaji, flashi tatu mpya mfukoni. Baridi ya ukingo wa kreta ilinipiga mpaka meno yakagongana, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva alitoa kichwa nje kutafuta barabara. Alikuwa ananisimulia habari za nyati aliyelala barabarani juzi. Nilikuwa naitika bila kusikia. Nilishushwa kwenye maduka ya Nainokanoka, nikatembea kupita makundi ya ng'ombe mpaka shuleni. Mwalimu Saruni alitoka darasani akanikuta uwanjani, akaona blanketi, uso ukamfunguka, na hapo ndipo ilikuwa ngumu. Nikamwambia, "Mwalimu, subiri usifurahi." Nikamweleza. Sikuacha kikaratasi. Nikamaliza kwa kumwambia kwamba imeamka, ila kitabu hatujakiona, na kama hakipo, ni mimi.

Watoto walikuwa wanachungulia dirishani. "Ulifunga ili umsalimie nani?" akauliza. Nikasema, "Baba yako." Akaweka mkono mdomoni, akageuka pembeni, mabega yanatikisika, nami nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Basi baba asijue," akasema. "Akijua, atakuwa anapita maduka yote ya Karatu bila kumsalimia mtu, akiogopa kuharibu vitu." Kisha akaacha kucheka, akachukua laptop, akaiweka juu ya dawati la ofisi, waya kwenye betri ya sola. Nikageuka ukutani wakati anachapa neno lake. Nilisikia vidole, nilisikia feni. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Kipo." Nilipogeuka alikuwa anapitisha ukurasa mmoja mmoja, polepole, akigusa skrini kwa ncha ya kidole. Kabla ya jambo lingine lolote tukatoa nakala tatu. Ndipo nikakaa kwenye ndoo ya maji iliyopinduliwa.

Akasema kwa kuwa nimefika, niingie darasani awaonyeshe watoto. Hapakuwa na meza ya kutosha mbele, nikaishika mimi laptop mikononi, wao kama hamsini, wamebanana kwenye madawati na wengine chini, mashuka na sweta za bluu. Akafungua mwanzo wa kitabu. Siku ile dukani alitupitisha haraka kwenye kurasa za katikati, kwa hiyo huu sikuwa nimeuona. Ukurasa wa kwanza haukuwa na mchoro wala mnyama. Ulikuwa na sentensi moja, juu kwa Kimaasai, chini kwa Kiswahili: Sijaelewa, mwalimu. Rudia. Nikamuuliza kwa nini hakuanza na maji au maziwa. "Nilianza nayo mwaka wa kwanza," akasema. "Nikiwauliza mmeelewa, wote ndiyo. Ndiyo ndilo neno walilokuwa nalo. Kuna mtoto alikaa mwaka mzima ananiambia ndiyo, hakujua hata jina langu. Nikaona mtoto ukimpa neno moja tu la Kiswahili, usimpe la kukubali."

Akaniambia, "Waeleze mashine ilikuwa inaumwa nini." Nikawaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili changu cha mjini, harakaharaka, bayosi, bodi, kichipu, faili la zamani na jipya, nikijisikia msomi kwa mara ya kwanza wiki ile, nikamaliza na kuwatazama. Hakuna aliyetikisika. Kisha kasichana ka mbele, kichwa kimenyolewa, shanga moja sikioni, kakasimama, kakaweka mikono nyuma, kakaniangalia usoni.

"Sijaelewa, mwalimu," kakasema. "Rudia."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniita mwalimu kabla ya siku hiyo. Nilimtazama Saruni anisaidie, naye alikuwa anatazama nje, ng'ombe wanapita. Nikaishusha laptop kwenye dawati la yule mtoto, nikachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana.

Nikarudia.